Muuguzi anapohamia mkoa mgeni: ni nani atakayempokea?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Sumbawanga

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita, miaka kadhaa iliyopita, msimu ambao baridi ya Ufipa humfanya hata mwenyeji avae koti juu ya kanzu. Waumini walipokwisha kutawanyika baada ya swala, niliambiwa kuwa yuko mgeni upande wa kina mama anayemuulizia katibu. Nilimkuta dada wa umri wa miaka ishirini na kitu, amejitanda mtandio mwepesi wa pwani, ameketi juu ya begi lake. Alinisalimu, kisha akanipa barua. Ilikuwa barua ya kupangiwa kituo cha kazi: muuguzi, ajira mpya, katika zahanati moja ya bonde la Ziwa Rukwa. Alikuwa ametoka Tanga, amesafiri kwa basi siku mbili, na katika mji huu mzima hakumjua mtu hata mmoja. Ombi lake lilikuwa jepesi. Alitaka familia ya Kiislamu ambayo angelala kwao siku chache hadi amalize taratibu za kuripoti, na kama palikuwa na Muislamu yeyote katika kijiji alichopangiwa, basi aunganishwe naye.

Ndugu msomaji, yanayofuata nayaeleza nikiwa nimeinamisha uso, kwa sababu kosa ni letu wenyewe. Nilimjibu kwa upole kuwa suala lake nitalifikisha kwenye kamati. Kamati ilikuwa ikutane Jumapili ya wiki iliyofuata. Dada yule akaenda kulala gesti karibu na stendi, akaripoti, akateremka bondeni peke yake. Kikao kilipofika, ajenda zilikuwa bomba la maji ya udhu na hesabu za futari ya Ramadhani iliyopita. Suala lake likasogezwa mbele, na likaendelea kusogezwa mbele. Baada ya miezi minane nilikumbuka kuipiga namba aliyoniachia. Alikuwa amekwisha kuacha kazi na kurudi kwao. "Kazi haikunishinda, ustadhi," aliniambia. "Upweke ndio ulionishinda. Niliumwa malaria siku nne, na mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa kijiji."

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari jambo moja. Serikali inaweza kumpangia muuguzi kituo, lakini haiwezi kumpangia jirani. Jirani ni jukumu letu sisi tunaobaki mahali pamoja, tunaoswali katika msikiti uleule kila siku na kudhani kuwa mgeni atajitafutia njia.

Mkoa unaokua, mikono michache

Katika Sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Rukwa, baada ya Katavi kumegwa kutoka kwake, ulikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi tu, kwa kila wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la zahanati ameongezeka wa tatu. Watu hao wametawanyika katika halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Wapo wanaoishi uwanda wa juu wa Ufipa, wapo wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Kasanga na Kirando, na wapo wa bondeni, chini ya milima ya Lyambalyamfipa, ambako barabara huteremka kiasi cha mita elfu moja kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la Ziwa Rukwa. Masika yakikolea, baadhi ya njia hizo hupitika kwa taabu.

Katika zahanati ya kijiji kama hicho, muuguzi ndiye anayepokea wajawazito kliniki, anayechanja watoto, anayefunga vidonda, na anayeamshwa saa nane za usiku mama anaposhikwa na uchungu. Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo watu waliokubali kukaa mahali ambapo wengine hawakutaka kukaa. Muuguzi mmoja anapofungasha na kuondoka kijijini kwa sababu ya upweke, mwenye kulipa gharama ni mama ambaye hakujua hata jina la mkoa alikotoka muuguzi yule.

Jina lisilostahili kuogopwa

Kijana anapopangiwa Sumbawanga, jambo la kwanza linalomfika mara nyingi ni mzaha. Shangazi ataguna, rafiki atauliza kama amekwisha kuaga vizuri, na maneno ya uchawi yatafuata. Hili tulizungumze waziwazi, kwa kuwa limewarudisha watu njiani. Maelezo yanayojulikana zaidi ya jina la mji huu ni kwamba katika Kifipa "sumba" ni tupa na "wanga" ni uchawi. Mji wenyewe, kwa jina lake, unamwambia anayeingia autupe uchawi nje. Muislamu anayejua kuwa manufaa na madhara yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu hapaswi kuzuiwa na soga za kijiweni asiende kuwahudumia waja wa Mungu.

Mambo ya kuogopwa kweli ni mengine, na yana dawa. La kwanza ni baridi. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na aliyekulia Tanga, Kilwa au Unguja hajui blanketi zito ni nini hadi afike hapa mwezi wa sita na wa saba. La pili ni lugha. Kiswahili kinatosha mjini, lakini bibi wa kijijini anayeugulia maumivu husema kwa Kifipa, na muuguzi anayejifunza salamu na majina ya viungo vya mwili katika mwezi wake wa kwanza atakuwa amejipatia nusu ya imani ya wagonjwa wake. La tatu ni umbali. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Msiba ukitokea nyumbani, hawezi kuwahi maziko. Hili la tatu halina dawa isipokuwa watu wa hapa wa kukaa naye usiku ule.

Karatasi kabla ya mizigo

Kwa wale wanaojiandaa kuhama, au wazazi wenye watoto katika vyuo vya uuguzi, ni vyema kuyajua mambo yafuatayo mapema.

Huku Bara, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mhitimu hufanya kwanza mtihani wa Baraza. Usajili huo unamtosha katika mikoa yote ya Bara, hivyo anayehama kutoka Lindi kwenda Rukwa hasajiliwi upya. Lakini leseni ina muda wake na huhuishwa. Ahakikishe kabla ya kupanda basi kuwa yake haikaribii kwisha, kwa kuwa kufuatilia jambo hilo akiwa bondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha ni adha isiyo ya lazima.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba hali ni tofauti, na wengi hawalijui hili hadi wakwame. Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya afya na baraza lake la wauguzi na wakunga, na utumishi wa umma wa pande hizi mbili ni mbalimbali. Muuguzi aliyesajiliwa Zanzibar anayetaka kufanya kazi Sumbawanga asidhani kuwa cheti chake kinavuka bahari peke yake. Aanze kwa kuwasiliana na Baraza la Bara, aulize anatakiwa kuwasilisha nini, na aombe kwa baraza lake la awali uthibitisho wa usajili wake, wakati bado yuko karibu na ofisi zake.

Taabu hii si yetu peke yetu. Huko Marekani, ambako wamo wauguzi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, kila jimbo lina baraza lake la uuguzi. Yapo majimbo mengi yaliyofungamana kwa mkataba wa kutambua leseni moja, na yapo yaliyobaki nje ya mkataba huo, kwa hiyo anayehama jimbo huanza kwa kuuliza swali hilo kabla ya kutafuta nyumba. Jirani zetu wa Kenya wana baraza moja la uuguzi kwa nchi nzima, lakini tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya serikali za kaunti, hivyo mwajiri ni kaunti, na kuhama kaunti ni kuhama mwajiri.

Kwa mtumishi wa umma aliye kazini tayari, uhamisho una njia zake. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa utumishi wa umma, na wapo wanaobadilishana vituo kwa makubaliano. Azingatie tofauti moja inayogusa mfuko wake: mtumishi anayehamishwa na mwajiri ana stahili za uhamisho kwa mujibu wa kanuni za utumishi, ilhali anayehama kwa maombi yake mwenyewe hujigharamia. Aliyeajiriwa upya naye aulize kuhusu posho yake ya kujikimu siku anayoripoti, na aje na akiba yake, kwa sababu mwenye nyumba anadai kodi leo.

Mume, mke na watoto

Sasa nije kwenye jambo linalonihusu mimi kama katibu wa msikiti. Mtumishi anapoomba kumfuata mwenza wake, au anapodai stahili za mwenza na watoto katika uhamisho, huulizwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Hapo ndipo Waislamu wengi tunapokwama. Nikahi ilifungwa, mashahidi walikuwepo, pilau lililiwa, lakini cheti hakikuchukuliwa. Wengine wanakijua kitabu cha vyeti kilipo, ila aliyefungisha ndoa amekwisha kufariki, au msikiti umebadilisha uongozi, na kila mmoja anamtupia mwenzake.

Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Kiislamu inapaswa kusajiliwa na cheti kutolewa, na wafungishaji wenye leseni wamepewa jukumu hilo. Cheti hakiongezi wala hakipunguzi uhalali wa nikahi mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini kinaweza kuamua kama mume atakaa na mkewe Sumbawanga au watasalimiana kwa simu miaka mitano. Nawaomba viongozi wenzangu wa misikiti: siku ya ndoa, cheti kitoke kabla ya pilau.

Kisha wanandoa wazungumze kwa ukweli. Mke akipangiwa kazi mbali, ni nani atakayehama? Mume mwenye duka Tanga anaweza kuhamisha biashara? Mtoto anayenyonya atalelewa na nani wakati wa zamu ya usiku? Nimeona ndoa mbili zikivunjika kwa sababu maswali haya yaliulizwa baada ya safari, na yakaulizwa kwa hasira. Mashauriano ni katika mafundisho ya dini yetu, na mahali pake pa kwanza ni sebuleni.

Ama suala la mwanamke kusafiri na kuishi mbali na maharimu wake, lina maelezo marefu katika vitabu vya fiqhi, na wanazuoni wametofautiana katika baadhi ya sura zake. Sitalitolea hukumu gazetini. Aulizwe sheikh anayeaminika kabla ya tarehe ya kuripoti. Ninaloliomba ni kwamba familia isimwachie binti mzigo huo peke yake. Baba au kaka anayesema hapaswi kusafiri bila maharimu, na afunge begi lake amsindikize. Siku tatu za kaka kumfikisha dada yake kijijini, kumtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kuitazama nyumba atakayoishi, zina heshima kubwa kuliko hotuba ya saa nzima nyumbani.

Somo la Madina

Tunaposoma habari za hijra madrasani, tunawakariri sana waliohama. Tuwasome pia waliopokea. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina mikono mitupu, Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a.), Ansari aliyekuwa na mali. Saad alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Huwa tunamsifu Abdurrahman kwa kutotaka kuwa mzigo, na anastahili sifa. Lakini tazameni utaratibu ulivyokuwa: mgeni alipewa mtu mmoja maalumu. Hakuambiwa kuwa waumini wote ni ndugu zake, kisha akaachwa alale stendi.

Na tazameni jambo jingine. Vitabu vya sira vinasimulia kuwa katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa, aliwekwa katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyekuwa akiwauguza majeruhi, na hema hilo lilikuwa msikitini. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulimpa muuguzi nafasi ndani ya eneo lake. Msikiti wetu ulikosa kumpa muuguzi nafasi hata katika ajenda.

Haki ni haki, nimtaje pia mtu asiyekuwa wa dini yetu. Adrien Atiman alizaliwa pande za Mto Niger, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari wa Kikatoliki, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 aliwasili Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi, na akawatibu watu wa ukanda huu hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali moja hapa Sumbawanga ina jina lake. Alikuja kutoka mbali kuliko Tanga, akakaa, na alikaa katikati ya watu waliomfanya kuwa wao. Muislamu hapaswi kuona haya kujifunza kutokana na wema, popote anapoukuta.

Tuliyoyaamua

Baada ya simu ile ya miezi minane, kamati yetu ilikaa kikao kisichokuwa na ajenda nyingine. Tuliafikiana mambo manne, na ninayaandika hapa ili misikiti mingine iyachukue au iyaboreshe.

Kwanza, mgeni hasubiri kikao. Katibu na mwenyekiti wa kina mama wana idhini ya kumtafutia mtumishi mgeni pa kulala siku hiyohiyo, bila kujali kama ni muuguzi, mwalimu au askari.

Pili, tuna orodha ya familia sita mjini zilizokubali kupokea mgeni hadi siku saba, na majina ya Waislamu wa kutegemewa katika vijiji vya bondeni, Kasanga, Kirando na Laela. Mgeni hupewa mtu mmoja, kwa jina na namba ya simu, na mtu huyo hupigiwa mbele yake.

Tatu, msikiti umenunua mablanketi mazito machache ya kuazimisha. Fedha zake zilikuwa kidogo kuliko tulizotumia kwa bomba lile la udhu.

Nne, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mitatu ya mwanzo, mama mmoja wa kamati humpigia simu mgeni na kumuuliza swali moja: umekula na nani wiki hii? Mwenye kujibu kuwa amekula peke yake siku zote hutembelewa.

Hadi sasa wamepita mikononi mwetu wauguzi watatu. Wawili wapo kazini, mmoja bondeni na mwingine Nkasi. Wa tatu alihama kumfuata mumewe, kwa utaratibu, na cheti chake cha ndoa tulikitafuta sisi kutoka msikiti alikofungia nikahi. Ni idadi ndogo, na wala sidai kuwa tumetatua tatizo la mkoa.

Kabla ya kuandika makala haya nilimpigia yule dada wa Tanga, nikamtaka radhi na kumwomba ruhusa ya kusimulia habari yake. Aliridhia, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Kisha akaniuliza kama zahanati ile ilipata muuguzi mwingine, na kama yule binti wa mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa mjamzito wa mimba ya kwanza wakati yeye anaondoka, alijifungua salama. Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata niliteremka bondeni kuulizia. Zahanati ilikuwa na muuguzi mpya, kijana kutoka Kagera, na mtoto wa binti yule alikuwa akikimbiza kuku uani. Nilimpigia dada nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alhamdulillah.

Yule kijana wa Kagera si Muislamu. Nilimwandikia namba yangu, nikamwambia kuwa akija mjini ana pa kufikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wauguzi wetu katika safari na zamu zao, na atujaalie sisi wenyeji kuwa wepesi wa kufungua milango. Amin.